Susana wa Sokoni na Gharama ya Kusema Hapana



Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima tunasomewa habari ya Susana, sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Mara nyingi tunaihubiri kama habari ya usafi wa moyo tu. Tukumbuke pia kilichotokea: wazee wawili, waamuzi wa watu, wanamtaka Susana na kumwekea sharti. Akubali, la sivyo watasema wamemkuta na kijana. Anakataa, nao wanatimiza tishio lao. Ushahidi ule wa uongo ulikuwa kisasi kwa sababu alisema hapana.

Nilimkumbuka Susana likizo iliyopita, nilipozungumza na mama mmoja wa jumuiya yetu anayeuza chakula katika soko moja la jijini. Ameniruhusu kusimulia bila kumtaja. Mwanamume mwenye sauti katika ugawaji wa nafasi za biashara alimtaka. Mama akakataa, kisha akamweleza kiongozi mwingine. Hakupigwa wala hakufukuzwa. Wiki iliyofuata aliambiwa meza yake imeziba njia, ahamie nyuma, karibu na jalala. Wateja wakapungua. Yakaanza na maneno kwamba yeye ndiye aliyemtega mwanamume yule. "Frateri," aliniambia, "ningejua, ningenyamaza."

Tunapowashangaa wanawake wanaokaa kimya, tukumbuke kwamba ukimya wao una hesabu ndani yake: ada ya mtoto, kodi ya chumba, marejesho ya mkopo. Katika filosofia tunafundishwa kwamba tendo ni huru pale mtu anapoweza pia kutolitenda. Basi, "ndiyo" ya mtu ambaye "hapana" yake itamnyima riziki si ndiyo.

Sheria ipo. Kanuni ya Adhabu, baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inaufanya udhalilishaji wa kijinsia kuwa kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamkataza mwenye mamlaka kudai ngono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu unyanyasaji wa mwajiriwa kuwa ubaguzi, na aliyeachishwa kazi isivyo haki anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini mama wa sokoni hana mwajiri, wala barua ya kuachishwa kazi ya kuionyesha. Kisasi anachofanyiwa hakiandikwi popote. Ni meza tu imesogezwa.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika katika soko la Mchikichini, Ilala, inastahili kujulikana parokiani. Shirika la Equality for Growth liliingia huko na katika masoko mengine ya jiji kwa kampeni ya "Mpe Riziki Si Matusi". Wafanyabiashara wenyewe walifundishwa kuwa wasaidizi wa sheria, na masoko yakajiwekea miongozo ya kukomesha udhalilishaji wa wanawake. Faida yake ni kubwa: wa kumwendea yuko jirani, na kesho meza ikisogezwa atakuwepo kuona.

Wengine watauliza: je, mwanamume akisingiziwa? Ni swali la haki. Danieli, ambaye alikuwa kijana tu, aliwatenganisha wale wazee na kumhoji kila mmoja peke yake. Uchunguzi wa namna hiyo humlinda asiye na hatia, awe mlalamikaji au mlalamikiwa. Kisichokubalika ni kumwadhibu mtu kwa sababu amesema, hata kabla ukweli haujajulikana.

Wala sisi hatuko nje ya jambo hili. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Vos estis lux mundi ya 2019, alikataza kumlipizia kisasi anayetoa taarifa ya unyanyasaji ndani ya Kanisa. Sisi mafrateri, Mungu akipenda, kesho tutakabidhiwa parokia na shule. Riziki ya mpishi, katibu na mwalimu itakuwa mikononi mwetu. Tujifunze mapema.

Kwa jumuiya zetu na WAWATA nina ombi moja. Mama akitueleza, tusianze kuuliza alivaa nini. Tumuulize: nani anaweza kukudhuru kwa kuwa umesema? Kisha tumsindikize, iwe kwa uongozi wa soko, dawati la jinsia la polisi au TAKUKURU. Na tusiishie hapo. Turudi baada ya wiki, turudi baada ya mwezi, tununue chakula chake na kuangalia meza iko wapi. Kisasi huja baadaye, wasindikizaji wakishakwenda nyumbani.

Mama yule bado anauza karibu na jalala. Wanajumuiya wanne wamekubali kwenda naye kwa uongozi wa soko. Tumwombee, na tulio karibu tuongozane nao.