Jiwe letu la kijani katika shingo ya matajiri



Katika mkutano wa juma lililopita mwenzetu mmoja aliniuliza: «Délégué, mambo ya mikufu ya matajiri inatuhusu nini sisi watu wa shimo?» Nilikuwa nimewaonyesha picha moja katika telefone. Saa ilikuwa imekwisha, basi ninamjibu leo.

Ile picha ni ya mkufu unaoitwa Alhambra, wa nyumba ya Van Cleef & Arpels ya Paris. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1968. Umbo lake ni jani lenye sehemu ine, na jina walilitoa kwa jumba la wafalme Waislamu kule Granada, inchi ya Hispania. Bulgari wa Roma nao wako na mapambo yanaitwa Divas' Dream, yenye umbo la upepeo: umbo hilo walilitoa chini, kwenye sakafu ya mawe madogo madogo ya nyumba za kuogea za Caracalla, zilizofunguliwa mwaka 216. Watu wanakusanya vitu hivi sawa vile wengine wanakusanya mashamba. Ya zamani inauzwa kwa mnada.

Sasa angalia ndani ya dhahabu. Kwa wote wawili kuna mapambo yanayowekwa malakiti. Ndiyo, ile ile, ndugu ya shaba, ambayo bacreuseurs wetu wanaitoa Kolwezi na Likasi. Zamani Warusi walikuwa na yao katika milima ya Ural, hata wakafunika nayo nguzo za chumba kizima katika jumba la mfalme kule Saint-Pétersbourg. Yao ilikwisha. Leo sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani inatoka kwetu, lakini nyuma ya mkufu hakuandikwe jina la shimo.

Kipande chenyewe ni chembamba, gramu chache tu, na mkufu unauzwa dola elfu kadhaa. Sikatae: dhahabu iko na bei, fundi naye analipwa. Inayobaki ni jina, umbo na habari ya jumba. Sisi tunauza kwa kilo, négociant anaangalia rangi tu, na wachongaji wetu wanarudilia tembo ile ile kila mwaka. Hatuna majumba? Cheminée ya Lubumbashi na terril yake, nani haijui? Théâtre ya Strebelle ya mwaka 1956 je? Na msalaba wa shaba wa wababu, uliolipa mahari mbele Wazungu hawajafika, ni umbo tayari. (Muke wangu anasema: unga kwanza, mkufu kisha. Iko na haki.)

Lakini kinachoniumiza zaidi si umbo. Malakiti ni laini, inakatika upesi, na vumbi yake iko na sumu. Mtaani kwetu kijana mmoja anakata kavu kavu toka asubuhi, kitambaa puani, na mutoto wake wa miaka mitatu anacheza katika ile vumbi ya kijani. Kukata na maji kunapunguza vumbi, maske ya kweli inazuia inayobaki. Mchongaji hana patron wa kumudai, na sisi wa sendika hatukumuhesabu kuwa mfanyakazi. Kosa hilo ni letu.

Kwa mkutano unaokuja nitaomba wachongaji waingie sendika kwa nusu ya mchango, na tutafute pahali pamoja pa kukatia penye maji. Anayetaka alete jina kwa délégué wa mtaa wake. Yule kijana, nitamfuata mimi mwenyewe.