Sahihi ya Waziri, Mkono wa Fundi

Chumba cha kuhifadhia mvinyo katika hoteli ya kitalii, jokofu la chanjo katika zahanati na friji ya soda katika duka la mtaani huonekana kama vitu visivyohusiana. Hata hivyo, vyote vitatu huishi kwa moyo mmoja: kompresa inayozungusha gesi ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa. Mvinyo hutaka takriban nyuzijoto 12. Chanjo nyingi hutaka kati ya nyuzijoto 2 na 8. Gesi ikivuja, mwenye mvinyo hupoteza fedha. Kwa upande wa zahanati, chanjo iliyoharibika humwacha mtoto bila kinga ilhali mzazi wake anaamini amekingwa.

Fundi huitwa. Mara nyingi yeye hufuata njia ya mkato: huiachilia angani gesi iliyosalia, hulehemu palipotoboka, kisha hujaza gesi mpya. Jokofu hupoa jioni iyo hiyo, naye hulipwa na kushukuriwa. Ni maoni yetu kuwa shukrani hizo hutolewa mapema mno.

Kati ya kuziba na kujaza kuna hatua ambayo mteja haioni, nayo ni kuyafyonza mabomba kwa pampu hadi yabaki matupu. Mwalimu wa fizikia anaweza kuieleza kwa dakika chache. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 mjini Mombasa, lakini jijini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka yakikaribia nyuzijoto 95. Mgandamizo wa hewa ukipunguzwa hadi chini ya sehemu moja kwa 40 ya ule wa pwani, maji huchemka hata kwa nyuzijoto 20. Kwa hivyo pampu haiondoi hewa pekee, bali pia huukausha unyevu uliojificha. Unyevu huo ukiachwa, huganda na kuziba mrija mwembamba, au huchanganyika na gesi na mafuta ukazaa asidi inayoitafuna kompresa. Hewa iliyosalia nayo hupandisha mgandamizo, na umeme ukatumika zaidi.

Fundi mwangalifu huitenga pampu na kuitazama geji. Mshale ukipanda na kuendelea kupanda, pana tundu au unyevu, na hapo hajazi kitu. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Akisharidhika, huipima gesi kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mtambo, wala hakisii kwa kupapasa bomba.

Je, haya yanaihusu dunia? Naam. Mwaka wa 1974, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kuwa gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika sana katika majokofu, zingeharibu tabaka la ozoni linalotukinga dhidi ya miale hatari ya jua. Mwaka wa 1985 watafiti Waingereza wakatangaza jinsi tabaka hilo lilivyopungua juu ya Antaktika. Itifaki ya Montreal ikafuata mwaka wa 1987, na sekretarieti yake iko papa hapa Nairobi. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka wa 2010 kuachana na gesi hizo, na hadi 2030 kuachana na jamii ya R22. Marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwaka wa 2016 yaliongeza gesi kama R134a, ambayo haidhuru ozoni lakini huongeza joto la dunia. Kilo moja yake ikiachiliwa, madhara yake kwa muda wa miaka 100 hulingana na kuchoma zaidi ya lita 600 za petroli.

Mikataba, basi, hutiwa sahihi na mawaziri, lakini hutimizwa au huvunjwa na mkono unaofungua valvu.

Itakuwa dhuluma kumtwika fundi lawama zote. Pampu ni ghali, na mashine ya kukusanya gesi kuukuu ni ghali zaidi. Mteja naye hana subira: fundi mwaminifu hutaja bei yake, kisha kazi hupewa mwenye bei nafuu. Dawa iko mikononi mwa wateja wakubwa, yaani shule, hospitali na serikali za kaunti. Mikataba yao ya matengenezo inapaswa kudai kuwa gesi kuukuu ikusanywe, mabomba yafyonzwe na uzito wa gesi mpya uandikwe. Vyuo vya ufundi navyo viitahini hatua hii kwa vitendo. Mwanafunzi asifuzu kwa sababu tu jokofu limepoa.

Jambo hili halingoji. Friji nyingi mpya hutumia isobutani, yaani R600a, ambayo haidhuru ozoni na huongeza joto la dunia kwa kiasi kidogo sana, ila huwaka. Fundi aliyezoea kusogeza moto wa kulehemu kwenye bomba lenye mabaki ya gesi atapata mlipuko usoni. Mkato uliokuwa ukimgharimu mteja kompresa sasa unaweza kumgharimu fundi maisha. Wanaomfundisha leo wana wajibu wa kumwambia hivyo kabla hajaushika mtungi.