NASAHA ZA NYUMBANI: Kazi ya Mikono Nayo ni Dawa



Mwezi huu imetufikia barua ya mama mmoja wa pwani, ambaye jina lake tunalisitiri. Mwanawe, kijana wa miaka 24, alinaswa na unga, na baada ya taabu nyingi jamaa walimpeleka katika nyumba ya upataji nafuu, ambazo vijana huziita soba, akae huko mpaka apone. Baada ya wiki 7 mama alikwenda kumtazama. "Sheikh wangu," aandika, "nilitaraji nimkute mbele ya daktari au mbele ya msahafu. Nilimkuta jikoni, amejifunga kitambaa kiunoni, anamenya vitunguu, na bibi mmoja wa matibabu amesimama kando anamtazama na kuandika. Mwanangu akaniambia, 'Mama, onja mchuzi wangu.' Sikuonja. Nililia njia nzima. Je, tumeuza minazi yetu ili mtoto wa kiume akafundishwe upishi? Mwisho wa mwezi nakwenda kumtoa."

Dada yetu, kabla hujamtoa, twakuomba utusikilize. Kwa jinsi ulivyoeleza, bibi yule ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hiyo ni elimu kamili isomwayo chuoni kwa miaka. Tanzania hufundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, na Kenya hufundishwa Nairobi, katika chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu.

Ulevi, kama yalivyo maradhi mengi ya akili, humharibia mtu afya yake, na hilo daktari hulishughulikia kwa dawa. Lakini humharibia na siku yake pia. Mwenye kushikwa na unga huamka ana shughuli moja tu, nayo ni kuutafuta. Kuoga, kula kwa wakati, kwenda kazini, kuswali, kukaa na wazazi, yote humtoka moja baada ya jingine. Basi mtu kama huyo ukimwondolea unga usimrudishie hayo, umemwachia mchana mrefu usio na kitu ndani yake, na mchana huo ndio umrudishao kijiweni.

Sasa utazame tena mchuzi ule ulioukataa. Ili aupike, kijana amepaswa kufikiri tangu asubuhi atahitaji nini. Kuhesabu fedha kidogo alizopewa na kurudisha chenji. Kupita sokoni asipotee njia. Kushika kisu kwa mkono uliozoea kutetemeka. Kungoja chungu kichemke bila ya kukasirika. Na kusikia mwenzake akisema chumvi imezidi, naye asitupe mwiko akaondoka. Mtaalamu huigawa kazi moja katika vipande kama hivyo, akatazama mgonjwa anakwama wapi, kisha akamrudisha kwenye kipande kile mpaka akiweze. Leo hutoka sokoni na mwenziwe. Wiki ijayo hutoka peke yake. Aliyekuwa fundi seremala hurudishiwa randa, aliyekuwa mshoni hurudishiwa cherehani, na mwanafunzi hurudishiwa kitabu kwa nusu saa, kisha saa nzima.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila kazi ifanywayo na wagonjwa ni tiba. Ziko nyumba ambamo wagonjwa hutumikishwa tu, wakalima na kufua kwa faida ya mwenye nyumba. Jamaa wana haki ya kuuliza: Kazi hii imechaguliwa kwa ajili ya mgonjwa huyu au kwa ajili ya nyumba? Yuko anayemtazama na kuandika hali yake? Naye mgonjwa ameulizwa apendalo? Ukipata majibu mema, tulia. Ukiyakosa, hapo una haki ya kumtafutia mwanao mahali pengine.

Elimu hii kwa sura yake ya leo ilipata chama chake cha kwanza mwaka 1917, katika mji wa Clifton Springs, Marekani. Mmoja wa waasisi wake, George Edward Barton, alikuwa mchoraji wa majengo aliyeugua kifua kikuu, kisha akapooza upande wa kushoto. Alijiuguza kwa kazi ya useremala na bustani, na nyumba yake akaiita Nyumba ya Faraja, akawakaribisha humo wagonjwa wengine. Mwenziwe, Bibi Eleanor Clarke Slagle, aliwapangia wagonjwa wa akili waliokaa hospitalini muda mrefu utaratibu wa siku nzima: saa ya kuamka, ya kuoga, ya kula, ya kazi, ya mchezo na ya kulala, mpaka desturi njema zikawarudia.

Nasi Waislamu haitupasi kuiona elimu hii kuwa ngeni. Katika mji wa Edirne, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488, ambamo wagonjwa wa akili walitulizwa kwa sauti za ala, kwa maji yatiririkayo na kwa harufu ya maua. Na kabla ya hayo yote tunacho kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik. Mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtume wetu (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza nyumbani kwake mna nini. Hamkuwa na kitu ila nguo nzito waliyojifunika na kuitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akavinadi, vikauzwa dirhamu mbili. Moja akamwamuru awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akatafute kuni na kuziuza, wala asimwone kwa siku 15. Aliporudi alikuwa amechuma dirhamu kumi, amenunua nguo na chakula.

Mtume hakumkemea mtu yule, wala hakumpa sadaka akamwacha aende zake. Alimuuliza alicho nacho, akampa kazi aiwezayo, akamsaidia pale palipohitaji mkono wa pili, akamwekea muda wa kurudi. Ndugu msomaji, linganisha hayo na bibi yule aliyesimama jikoni na karatasi yake.

Tukumbuke tena ya kuwa dini yetu imeigawa siku kwa swala tano. Kijana ambaye siku yake imevunjika ana nguzo tano za kuijengea upya, akianza na Alfajiri. Na nyumba nzuri ya matibabu huzitumia nguzo hizo katika kupanga saa za wagonjwa wake.

Sasa neno la mwisho ni kwa jamaa, kwa kuwa kazi ya mtaalamu aghalabu huharibikia nyumbani. Kijana hurudi, na kwa mapenzi mama humfulia, humpikia, humwambia apumzike. Na kwa hofu baba humfungia chumbani. Yote mawili humrudishia siku tupu. Kabla hajatoka, mwendeeni mtaalamu mumuulize utaratibu wake wa kila siku, muuandike, muufuate. Mpeni kazi ya nyumba inayomtegemea yeye, ambayo asipoifanya itaonekana. Msimpe fedha nyingi kwa mara moja. Msimwite teja, hata kwa mzaha, wala msiwaache wadogo zake wamwite. Dawa alizoandikiwa asiziache bila ya idhini ya daktari. Na Ramadhani ikikaribia, mumuulize daktari mapema juu ya saumu yake. Na akianguka tena, msiseme mali imepotea bure. Mrudisheni kwa waganga wake, kwani maradhi haya hurudi kama yanavyorudi maradhi mengine.

Nawe dada yetu, mwisho wa mwezi nenda kama ulivyokusudia, lakini usiende kumtoa. Nenda saa ya chakula, ukae naye, na mchuzi ukiletwa, uonje. Na kama chumvi imezidi, mwambie. Amekwisha kufundishwa kulisikia neno hilo.

Mwenyezi Mungu awaponye vijana wetu, na awape wazazi wao subira na hekima. Amin. Wabillahi tawfiq.