Kodi ya Mwaka Mzima na Dhima ya Mwenye Nyumba

Mtu atafutaye chumba cha kupanga katika jiji la Dar es Salaam, ikiwa ni Sinza, Magomeni, Tabata au Mbagala, aghalabu hukutana na sharti kabla hajafunguliwa mlango akaona ndani: kodi ni ya miezi sita, au ya mwaka, nayo yatolewa yote kwa mkupuo mmoja, na juu yake dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Kijana aliyeanza kazi juzi, ambaye mshahara wake huja mwisho wa mwezi na kwisha kabla ya mwezi kwisha, hana budi kukopa ili apate pa kulala, akawa mdeni kabla ya kuwa mpangaji. Naona desturi hii ni dhuluma kwa mpangaji, na hilo wengi wamelisema; lakini nasadiki ya kuwa humdhuru na mwenye nyumba pia, ila madhara yake yeye huchelewa kuonekana.

Fedha zijazo kwa mkupuo huondoka kwa mkupuo. Mama mwenye nyumba apokeapo kodi ya mwaka mwezi wa Januari, karo za watoto zamsubiri, pengine kuna arusi ya ndugu au mgonjwa wa kupelekwa hospitali, na kinachobaki hununua tofali za kiwanja cha Chanika. Mwezi wa Aprili masika yakishika, bati likavuja juu ya kitanda cha mpangaji na shimo la choo likajaa, mama hana hata senti ya kumwita fundi, ilhali mpangaji naye, madhali amekwisha kutoa chote, hana alichobakiza mkononi cha kumfanya asikilizwe. Hapo ndipo simu huanza kutopokelewa, salamu za asubuhi zikapungua, na watu wawili wasiokuwa na nia mbaya wakaanza kudhaniana ubaya.

Tusimlaumu mwenye nyumba peke yake. Wengi wao si matajiri. Ni wastaafu na wajane ambao vyumba vitatu vya kupangisha ndiyo pensheni yao. Nao wana hofu ya haki, kwani wamewaona wapangaji wahamao usiku na deni la miezi kadhaa, na wanajua ya kuwa kumwondoa mtu kwa njia ya baraza na mahakama huchukua muda mrefu. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo sehemu kubwa ya muamala huu imeachiwa mapatano ya wahusika wenyewe. Tatizo ni kwamba mapatano yenyewe aghalabu hufanywa kwa mdomo, mbele ya dalali ambaye akishapata chake haonekani tena.

Nitoe mfano wa jambo dogo liwezalo kuvuruga nyumba nzima, nao ni LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na bomba na choo uani, mita huwa moja. Uniti zaisha saa tatu ya usiku, giza laingia, na milango yagongwa mmoja baada ya mwingine kuulizwa nani hajachanga. Mwenye friji na pasi atoa sawasawa na mwenye taa moja na chaji ya simu, na huyu wa taa moja ajiona anaonewa. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, zikawa 1,500 kuanzia Julai 2023, kwa hiyo anunuaye umeme wa kwanza wa mwezi hupata uniti pungufu na huwa amemlipia mwenye jengo dhima isiyokuwa yake. Jumla yake kwa mwaka ni shilingi 18,000, si fedha za kuwagombanisha watu wazima. Bali zisipotajwa hugeuka kinyongo. Mwenye nyumba mwenye insafu angezitoa katika kodi ya chumba bila kuombwa, na jambo likaandikwa.

Rai yangu ni kwamba kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, kama Shirika la Nyumba la Taifa, lenye wapangaji wengi kuliko tajiri yeyote nchini, litozavyo majumba yake. Na ili hofu ya mwenye nyumba ipate dawa, mpangaji aweke amana ya mwezi mmoja au miwili, irudishwe siku ya kuhama baada ya chumba kukaguliwa. Malipo yapitie kwenye simu, kwa kuwa ujumbe wa muamala ni stakabadhi isiyopotea. Mkataba uandikwe nakala mbili, zishuhudiwe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na utaje kinagaubaga nani atengeneze bati, nani avute maji ya choo, umeme ugawanywe vipi, na notisi ya kuhama iwe ya siku ngapi kwa pande zote mbili. Kwa anayeona mambo haya yatamsumbua, nasema kwamba karatasi hiyo huandikwa kwa saa moja, na kumtafuta mpangaji mwingine kila baada ya miezi sita, chumba kikikaa kitupu na dalali akidai tena, humla mwenye nyumba zaidi ya hapo.