Chembe Mpya Iko Wapi? Swali Baya Hilo

Juzi kazini, saa ya chai, jamaa mmoja alinikuta natazama ramani yenye duara kubwa kwenye mpaka wa Ufaransa na Uswisi. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni FCC, mtambo wa kugonganisha chembe ambao CERN inataka kuujenga chini ya ardhi: njia ya kilomita 91, na hatua yake ya kwanza ni kama faranga za Uswisi bilioni 15.

Akacheka hadi akaweka andazi chini. "Wewe bwana! Huo wa kilomita 27 walio nao umewapa nini tangu ile Higgs ya 2012? Chembe mpya iko wapi?"

Siku hiyo sikumjibu vizuri. Namjibu leo, tena kwa ukali kidogo, maana swali lake ndilo swali la kila mtu, na ni swali baya.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Kabla ya kuitoa kwa wateja naifanyia majaribio. Mia tano yakipita, hakuna bosi anayesema nimepoteza siku. Lakini mwanafizikia akiipima nadharia mara elfu na ikasimama, tunasema amekula pesa bure. Kwa nini?

Chukua mesoni B. Ni chembe yenye kwaki nzito iitwayo b, na huishi kama sekunde 1.5 zilizogawanywa kwa trilioni, kisha huvunjika. Sasa fikiria hivi: badilisha kila chembe iwe antichembe yake, halafu geuza kila kitu kama kwenye kioo. Ukiamini kwamba sheria za maumbile zitabaki vilevile, umeamini ulinganifu wa CP. Mwaka 1964 Cronin na Fitch, wakiwa Brookhaven huko Marekani, walionyesha kwamba chembe za kaoni huuvunja ulinganifu huo, kama mara 2 katika kila 1000.

Mwaka 1973 Wajapani wawili, Kobayashi na Maskawa, wakasema jambo hilo linaelezeka iwapo kuna kwaki za aina 6. Wakati huo zilikuwa zinajulikana 3 tu! Ya nne ikaonekana 1974, b ikaja 1977, ya sita 1995. Lakini kuziona kwaki zote si sawa na kuthibitisha kwamba maelezo yao kuhusu CP ni kweli. Ilibidi mtu apime.

Ikajengwa mitambo miwili: PEP-II huko California ikiwa na chombo cha BaBar, na KEKB huko Tsukuba, Japani, ikiwa na Belle. Ilianza kazi 1999. Ujanja wake naupenda sana. Elektroni na positroni ziligongana zikiwa na nishati zisizolingana, kwa hiyo mesoni B zilisukumwa upande mmoja. Ule muda mfupi usioweza kupimika kwa saa yoyote ukageuka umbali, sehemu ndogo ya milimita, na umbali unapimika. Mwaka 2001 makundi yote mawili yakatangaza kwamba B na anti-B hazifanani, tena tofauti ni kubwa. Mwaka 2008 Kobayashi na Maskawa wakapewa Nobeli.

Hoja hiyo ilihitaji chembe mpya ngapi? Hata moja haikuhitajika. Ilihitaji vipimo vizuri.

Utaniuliza, basi si wamemaliza? La. Sakharov alieleza 1967 kwamba ili ulimwengu ubaki na maada badala ya maada na antimaada kuangamizana zote, lazima CP ivunjwe. Tatizo ni kwamba uvunjaji tunaoujua kutoka kwa Kobayashi na Maskawa ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Kwa lugha ya kazi yangu, majaribio yote maabara yanapita, lakini jaribio moja kubwa linafeli, nalo ni sisi wenyewe kuwepo. Kuna kosa mahali fulani kwenye msimbo na hatujui ni mstari gani.

Sikutaka kuamini ya kuambiwa. Kwenye tovuti ya CERN Open Data kuna data halisi za LHCb ambazo mtu yeyote anaweza kupakua bure. Nilichukua zile za mesoni B zenye chaji zinazovunjika kuwa kaoni tatu. Tarakilishi yangu ya mkononi, intaneti ya nyumbani, jioni mbili za Python. Nikahesabu: B chanya zilizidi B hasi. Kipimo kilichochapishwa na LHCb ni tofauti ya karibu asilimia 4, baada ya kuondoa ile sehemu inayosababishwa na chombo chenyewe. Ndugu msomaji, nilikaa kimya mbele ya ile namba. Maada na antimaada hazitendi sawa, na nilikuwa nimeliona hilo mezani kwangu Nairobi.

Vipimo vyenye uaminifu vina faida nyingine. Mwaka 2021 LHCb ilitangaza kwamba mesoni B zinaelekea kupendelea elektroni kuliko muoni, kinyume cha nadharia. Magazeti yakashangilia. Desemba 2022 LHCb hiyohiyo ikachambua upya, ikagundua kwamba chembe nyingine zilikuwa zimehesabiwa kama elektroni, na tofauti ikatoweka. Walijisahihisha hadharani. Niambie ni kampuni ngapi za programu unazozijua zinazofanya hivyo!

Sasa nigeukie watetezi wa mtambo mpya, maana nao wana makosa. Mwanafizikia Sabine Hossenfelder amekuwa akisema kwamba hakuna sababu nzuri ya kutarajia chembe mpya, na kwamba pesa hizo zina kazi bora kwingine. Nusu ya kwanza nakubaliana naye. Wengi walitarajia LHC ionyeshe chembe za supersimetri, na hadi leo hazijaonekana. Anayeuza FCC kwa ahadi za namna hiyo anajichimbia kaburi. Na tafadhali, msituambie tena kwamba CERN ilitupa wavuti. Berners-Lee aliianza 1989 ili watu wagawane habari, na hakuhitaji kilomita 91.

Tena ahadi kwenye karatasi ni rahisi. SuperKEKB, mrithi wa KEKB, ilikusudia mwangaza wa 6×10^35. Rekodi yake ya Desemba 2024, ambayo ni rekodi ya dunia, ilikuwa 5.1×10^34, chini ya sehemu moja ya kumi. Na mtambo wa SSC huko Texas ulifutwa na Bunge la Marekani 1993 baada ya kumeza kama dola bilioni 2.

Hata hivyo nasema wajenge, kwa sababu ya vipimo. FCC ya elektroni imekusudiwa kutoa chembe za Z zipatazo trilioni 6, na asilimia 15 hivi ya hizo huvunjika kuwa jozi za kwaki b. Hiyo ni karibu jozi trilioni moja katika migongano safi. BaBar na Belle kwa pamoja walipata jozi za mesoni B zaidi kidogo ya bilioni moja. Ukitafuta kosa dogo, unahitaji majaribio mengi. Ndiyo hoja, na inatosha.

Baraza la CERN linatarajiwa kuamua karibu 2028. Ningekuwa na kiti pale ningetaka mambo matatu. Waseme wazi kwamba huenda chembe mpya isionekane kabisa. LHCb na Belle II zisinyimwe chakula ili kumnenepesha mtoto ajaye. Na data pamoja na programu ziwe wazi tangu mwanzo, kwa kila mtu.

Kenya si mwanachama wa CERN, na mimi nitakuwa nakaribia miaka 50 mtambo huo ukiwaka. Sitalipa hata shilingi. Lakini nikiwa hai nataka kupakua zile data na kuhesabu tena.

Jamaa yangu wa andazi, hilo ndilo jibu. Ukipinga, karibu, lakini lete hoja. Kicheko nimeshakisikia.