Fikira Ingoje Zamu Yake

Muhula huu limezuka jambo dogo katika chumba chetu cha kompyuta, nami naona yafaa lizungumzwe humu gazetini kuliko kunong'onwa mabwenini. Jambo lenyewe ni ile amri kwamba mwanafunzi aingiapo chumbani humo asifungue dirisha lolote katika kompyuta ila la somo. Amri ni njema, na sababu zake twazijua sote. Lakini nawaomba waalimu wetu waruhusu dirisha moja dogo libaki wazi pembeni: ukurasa mtupu wa kuandikia, usio na picha wala sauti wala njia ya kwendea intaneti, ambamo mwanafunzi aweza kuandika kwa maneno matatu ile fikira iliyomjia si kwa wakati wake, kisha akarudi kazini.

Huenda mzazi asomaye haya akauliza, ni fikira gani hizo? Hazina siri. Mwanafunzi yumo katika kujifunza majedwali ya hesabu, mara akumbuka kwamba sabuni yake imekwisha na duka la shule hufungwa saa kumi na moja. Mara akumbuka kwamba hajaomba ruhusa ya kwenda zahanati. Mara yamjia yale maneno ya simu ya nyumbani: mama hajambo sasa, lakini hawakusema kama ameanza kwenda shambani. Mara ataka kujua nani alifunga bao jana. Hakuna hata moja katika hizo iliyo ovu, na hiyo ya mama ni haki yake kabisa kuifikiri. Taabu ni kwamba zaingia bila kubisha hodi, katika dakika 80 tulizo nazo kwa juma zima, na tena tukiwa wawili wawili kwa kompyuta moja.

Mtu aliyejiwa na fikira hivyo ana mambo matatu ya kufanya. La kwanza ni kuitii. Hapa ndipo kompyuta ilipo tofauti na daftari, maana daftari huwezi kuliuliza nani alifunga bao, bali katika kompyuta yenye intaneti jibu liko karibu na kidole. Na ukishalipata, pembeni yake pana picha ya mchezaji, na chini ya picha pana habari za kuuzwa kwake, na mara kengele yalia. La pili ni kujikaza usiisahau. Huyu huonekana mtulivu, macho yako kwenye kioo, mwalimu amsifu. Kumbe moyoni anaimba sabuni, sabuni, sabuni, na jedwali halimwingii. La tatu ni kuiandika upesi na kuiacha. Wengi hudhani kwamba orodha ya namna hii ni ya kusaidia kukumbuka. Mimi naona kazi yake kubwa ni kinyume cha hayo: ni kumpa mtu ruhusa ya kusahau kwa muda.

Maneno haya sikuyabuni. Mwaka 1927 huko Berlin, mtaalamu wa elimu ya nafsi aitwaye Bluma Zeigarnik alitoa habari za majaribio yake, akasema kwamba kazi iliyokatizwa katikati hung'ang'ania katika kumbukumbu kuliko iliyomalizika. Wataalamu waliokuja nyuma wamebishana naye, na wengine hawakupata matokeo kama yake, kwa hiyo simtegemei peke yake. Lakini mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walichapisha majaribio yaliyonivutia zaidi. Watu waliokumbushwa mambo yao yasiyokwisha walisumbuliwa na fikira za mambo hayo walipokuwa wakisoma hadithi. Wenzao walioruhusiwa kwanza kupanga jinsi watakavyoyatimiza hawakusumbuliwa hivyo, ingawa mambo yenyewe yalikuwa bado hayajafanywa. Tafadhali msomaji atazame sana maneno hayo: bado hayajafanywa. Akili haikudai kazi itendwe papo hapo, ilidai iwekewe siku yake. Ndiyo maana mstari mzuri si "sabuni" tu, bali ni "sabuni, dukani, baada ya kipindi cha mwisho".

Sasa nije kwenye chombo chenyewe. Programu iitwayo Notepad imo ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Haina ada, haitaki jina lako wala namba ya siri, na hata kompyuta zetu zile za zamani zaifungua mara moja. Ukiandika .LOG kwa herufi kubwa katika mstari wa kwanza wa faili, ukahifadhi, basi kila uifunguapo faili hiyo yajiandikia tarehe na saa chini ya maneno yaliyotangulia. Na wakati wowote mwingine ukibonyeza F5 yafanya vivyo hivyo. Hapana haja ya kushika kipanya. Bonyeza Alt na Tab pamoja, andika mstari wako, bonyeza tena Alt na Tab, nawe umerudi ulipokuwa. Wako watu wazima waendeshao shughuli zao zote kwa njia nyepesi kama hiyo. Mmarekani Gina Trapani alianzisha mwaka 2006 utaratibu uitwao todo.txt, ambao ni faili moja ya maandishi matupu, kila kazi mstari mmoja, na kazi iliyokwisha hutiwa herufi x mwanzoni. Hayo ndiyo mambo yake makubwa.

Najua wapo wenzangu watakaocheka. Wao wazijua programu za fahari, zenye rangi, kengele, vikundi, na nyota za kuonyesha kazi ipi ni ya haraka. Sizichukii, na kwa mkuu wa kiwanda huenda zikafaa. Lakini kwa shida yetu hii naona zina madhara, kwa kuwa mwanafunzi aliyefungua programu ili aandike neno moja hukuta kazi nyingine inamngoja: achague rangi gani, aweke kikundi kipi. Amekimbia fikira moja akaangukia kumi. Tena programu hizo zina wenyewe. Iliyoitwa Wunderlist ilipendwa na watu wengi sana. Kampuni ya Microsoft ikainunua mwaka 2015, ikaifunga Mei 2020, na waliokuwa wakiitumia wakalazimika kuhamisha orodha zao kwingine. Faili ya maandishi matupu haifungwi na mtu. Na hata Notepad yenyewe imeanza kuvishwa mapambo: tangu mwaka 2024 ile ya Windows 11 hukagua tahajia, na kompyuta iliyowekewa Kiingereza peke yake huweza kulipigia mstari mwekundu neno kama "sabuni", na mtu akaacha kazi akaanza kugombana na mstari. Ukaguzi huo waweza kuzimwa, na uzimwe.

Pana hoja mbili dhidi yangu ambazo ni za haki. Ya kwanza husemwa na wazee, kwamba kuandika kila kitu hulegeza kumbukumbu. Lakini wazee hao hao ndio waliotufundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nasema kumbukumbu ya mwanafunzi na ikazwe kwa kanuni za fizikia na tarehe za historia, si kwa sabuni.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwa nini isiwe karatasi? Nakubali bila ubishi kwamba darasani na bwenini karatasi ni bora. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake, huko Marekani, walichapisha jaribio la vijana 57 walioandika kwa dakika tano kabla ya kulala. Walioandika kazi zinazowangoja walipata usingizi mapema kwa dakika kama tisa kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza. Hapo haikuhitajika kompyuta. Lakini katika chumba cha kompyuta meza ni nyembamba, watu wawili wamebanana, na mikono iko juu ya kibodi. Na zaidi ya hayo, kishawishi chenyewe kimo ndani ya mashine, kwa hiyo naona ni sawa dawa yake iwe humo humo, karibu kuliko ugonjwa. Wengi wetu tutakuwa makarani, wauguzi, wahasibu, tukiketi mbele ya kioo kama hicho kutwa nzima, pasipo mwalimu wa kusimama nyuma yetu na kutazama ni madirisha mangapi tumefungua. Mtu asipojizoeza sasa kuiambia fikira "ngoja", ataambiwa na nani wakati huo?

Yapo mambo ya kuangalia. Kompyuta si zetu, na atakayeketi baada yako aweza kusoma uliyoandika, hata huyo mliyebanana naye anaona. Basi habari za ugonjwa wa mtu au ugomvi wa nyumbani zisiandikwe. Yatosha "simu nyumbani, Jumamosi", nawe mwenyewe wajua kwa nini. Umeme nao tunaujua tabia yake. Notepad ya kompyuta zetu za zamani haijihifadhi yenyewe, kwa hiyo kila baada ya mstari bonyeza Ctrl na S, vinginevyo taa zikizimika sabuni yako imezimika nayo.

Na lililo kubwa kuliko yote, pawe na saa ya kusoma. Kama mwanafunzi ataandika kila siku na asisome kamwe, akili itagundua upesi kwamba inadanganywa, nayo itaanza tena kuimba. Napendekeza dakika tano za mwisho wa kipindi ziwe za kazi hiyo: kila mmoja afungue orodha yake, afute zile zisizokuwa na maana (nayo ndiyo mengi, bao la jana halina haraka tena), na zilizobaki azinakili katika daftari lake la mfukoni, kisha faili ifutwe, mwenzake akute ukurasa mweupe.

Basi naomba jaribio. Mkondo mmoja wa Kidato cha Tatu uruhusiwe dirisha hilo dogo hadi katikati ya muhula ujao, na mkondo wa pili uendelee na amri ilivyo. Kazi wapewe sawa. Mwalimu wa kompyuta ahesabu mwenyewe ni kazi ngapi zimemalizika kila upande kabla ya kengele, na hesabu hiyo ichapishwe humu gazetini, hata kama itanipinga.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano