Kibua amenikomesha!

Juzi nilikula kibua aliyelala nje bila barafu. Nusu saa tu, uso unawaka moto, moyo mbio, mwili wote unawasha. Mshikaji akanishauri vitamini C na zinki. Hela ikaenda, muwasho palepale!

Daktari wa zahanati akanifungua macho: kibua au jodari akikosa ubaridi, bakteria hutengeneza histamini, hata kama hanuki. Umchemshe, umkaange, haitoki. Akanipa piritoni, nikapata nafuu.

Jamani, vidonge vya madini havizimi moto huo. Ukivimba midomo au pumzi ikibana, usingoje, kimbilia hospitali. Hela ya vidonge kanunulie samaki aliyelala kwenye barafu. Tukutane wiki ijayo!